Feni ya lapi yako inapiga kelele? Soma joto kwanza kabla ya kuinyamazisha

Kama umewahi kufanya kazi ya mtu kwenye mtandao ukisubiri malipo, unaijua ile dakika ya mwisho. Video imefika asilimia 83. Ushamwandikia mteja, "nakutumia sasa hivi." Halafu skrini inakuwa nyeusi. Si stima zimepotea, maana taa ya chumba inawaka. Si betri, maana chaja iko kwenye soketi. Ni lapi yenyewe imeamua kuzima.

Hiyo ilinipata mimi Februari, saa saba usiku, kwenye chumba cha orofa ya mwisho, chini ya mabati. Kazi ilikuwa kuweka maandishi kwenye video ya mahubiri ya saa moja na nusu, malipo Sh4,500. Kwako huenda ni pesa ya kawaida. Kwangu ilikuwa zaidi ya nusu ya kodi ya mwezi. Mteja aliitaka kabla ya alfajiri. Nilipomtumia ilikuwa saa tano asubuhi. Akajibu neno moja, "Sawa", na tangu siku hiyo hajawahi kunipa kazi nyingine.

Niliilaumu lapi. Nikamlaumu aliyeniuzia. Nikailaumu Linux, maana nilikuwa nimeiweka miezi mitatu tu iliyopita. Kumbe mwenye makosa alikuwa ameketi kwenye kiti akibonyeza kibodi. Nitafika hapo. Kwanza nikuonyeshe jinsi mashine inavyojipima joto, kwa sababu mimi ningejua hilo mapema, huyo mteja ningekuwa naye hadi leo.

Halafu tuelewane lugha. Kwenye kitabu cha shule hii mashine ni kipakatalishi, na mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa alama kwa kuliandika neno hilo vizuri. Mtaani ni lapi, basi nitaiita lapi. Kile kifaa kidogo ndani yake kinachopima joto nitakiita kihisi, kwa sababu nikisema sensa utadhani nazungumzia kuhesabiwa kwa watu kama 2019.

Wengi wenu mnahamia Linux mwaka huu na si kwa kupenda. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Sasa hesabu lapi za ex-UK ambazo sisi tunanunua mjini. Yangu ni ThinkPad T450, prosesa ya kizazi cha tano, Core i5-5300U. Uchaguzi ulikuwa ama niendelee na mfumo usiohudumiwa tena, ama niweke kitu kama Ubuntu au Mint. Niliweka Mint, na gharama yake ilikuwa bando tu. Ilifunguka haraka kuliko siku niliyoinunua. Kitu kimoja tu kilinikera: feni.

Prosesa yangu imeundwa kutumia wati 15 kwa kazi ya kawaida. Karibu umeme wote inaokula unageuka joto. Joto hilo linabebwa na bomba bapa la shaba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na hapo feni inapuliza hewa kuliondoa. Hiyo ndiyo hadithi yote ya upoezaji ndani ya lapi: shaba, mapezi, hewa. Kitu chochote kinachoziba hewa, liwe vumbi, blanketi au mto wa kitanda, kinaacha joto pale pale lilipozaliwa. Na kwetu Nairobi kuna jambo moja ambalo watu hawalifikirii. Tuko takriban mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Feni ikizunguka kasi ile ile, inasukuma hewa kidogo zaidi. Wa Mombasa asicheke lakini, kwa sababu hewa yake inaingia ikiwa tayari ina nyuzi 32.

Sasa, vihisi. Fungua terminali uandike:

sudo apt install lm-sensors

Ukimaliza, andika:

sudo sensors-detect

Itakuuliza maswali mengi. Bonyeza Enter kwa kila moja, ukubali jibu ambalo programu yenyewe imependekeza. Usijifanye mjanja hapa. Karibu na mwaka 2000 programu hii iliwahi kuziharibu baadhi ya ThinkPad za IBM: ilipokuwa ikipapasa kutafuta vihisi, ilivuruga chipu ndogo ya kumbukumbu na mashine ikakataa kuwaka kabisa. Waliitengeneza, na leo majibu yake ya kawaida ni salama, lakini mimi bado nikifika pale huwa nasoma kila swali kama mkataba wa nyumba.

Baada ya hapo, amri ni neno moja tu: sensors. Utaona orodha, na watu wengi huangalia namba ya kwanza wakaondoka. Usiondoke. Kila kichwa pale ni chombo tofauti, na havilingani kwa kuaminika.

Kwenye Intel, unachokitafuta ni coretemp. Chini yake kuna "Package id 0", ambayo ni joto la prosesa nzima, na "Core 0", "Core 1" na kuendelea, moja kwa kila kiini. Vihisi hivi viko ndani ya silikoni yenyewe, pale pale joto linapozaliwa. Ila havipimi jinsi unavyofikiri. Kihisi cha Intel hakisemi "niko nyuzi 71". Kinasema "nimebakisha nyuzi 34 kufika mwisho", halafu kerneli inachukua ule mwisho, ambao kwa prosesa yangu ni nyuzi 105, inatoa, na kukuonyesha 71. Ni kama konda wa matatu asiyejali ulipandia wapi. Anachojua ni steji ngapi zimebaki. Ndiyo maana namba hizi ni za kuaminika sana zikiwa juu, na si sahihi sana mashine ikiwa baridi. Ukiona kiini kimoja kinasema 38 na kingine 42 asubuhi ukiwa hujafungua chochote, usiite fundi.

Kwenye mabano utaona "high" na "crit". Hizo ni alama za mpaka alizoweka mtengenezaji. Zisome kwenye mashine yako, usinakili za rafiki. Kuna prosesa ambazo mwisho wake ni 100, zingine 105, na AMD wana zao.

Kwa AMD kichwa ni k10temp, na namba kubwa ni "Tctl". Hii ni namba ya kuongozea upoezaji, na si lazima iwe joto halisi la chipu. Kwenye baadhi ya Ryzen za mezani za kizazi cha kwanza, kama 1800X, namba hiyo iliongezwa nyuzi 20 juu ya joto la kweli, na watu walipiga nduru bure.

Halafu kuna acpitz. Hii usiifanye rafiki wa karibu. Inatoka kwenye programu ya ndani ya bodi, na kuna watengenezaji ambao waliandika tu namba moja wakaenda nyumbani. Jirani yangu ana lapi ambayo acpitz yake inasoma 27.8 asubuhi, 27.8 mchana, 27.8 akicheza gemu hadi meza inapata moto. Alikuwa ameweka namba hiyo pembeni mwa skrini yake na anajivunia jinsi lapi yake ilivyo baridi. Nilipomwonyesha coretemp ilikuwa 93. Hakufurahi.

Ukiwa na diski ya NVMe, itajionyesha yenyewe kwa jina nvme. Za SATA zinafichwa hadi uandike sudo modprobe drivetemp, kitu kilichoingia kwenye kerneli 5.6 mwaka 2020. Na ukitaka kuona namba mbichi bila programu yoyote, ziko kama faili chini ya /sys/class/hwmon. Fungua moja yenye jina linaloishia na temp1_input utaona kitu kama 71000. Usishtuke, ni nyuzi 71 zilizozidishwa kwa elfu moja. Namba za folda zile, hwmon0, hwmon1, zinaweza kubadilishana ukiwasha mashine upya, kwa hivyo usiandike skripti inayotegemea namba. Tegemea jina lililo ndani ya faili la name.

Ili kuona joto likipanda na kushuka, andika:

watch -n 2 sensors

Kila sekunde 2 itasoma upya. Fungua hiyo, halafu fanya kazi yako ya kawaida. Baada ya siku mbili utaijua mashine yako. Lapi nyingi za aina yangu, ikiwa hazifanyi chochote, huwa kati ya 40 na 55. Zikifanya kazi nzito, 70 hadi 90 si ajabu. Ikikaa juu ya 95 kwa muda mrefu, kuna tatizo, hata kama haijazima.

Ni hili la "haijazima" ndilo lililonikosesha pesa. Lapi inajilinda kwa hatua. Ikikaribia mwisho, prosesa inapunguza mwendo wake yenyewe ili itoe joto kidogo. Wewe unaona tu kwamba kivinjari kimekuwa kizito na video inasuasua. Unalaumu intaneti. Joto likiendelea kupanda licha ya hapo, ndipo inazima. Kuna kuzima kwa adabu, ambapo kerneli inaandika kwenye kumbukumbu kwamba joto limefika hatari na inafunga mfumo taratibu. Na kuna kuzima kwa ghafla, ambapo vifaa vyenyewe vinakata umeme bila kumuuliza mtu.

Asubuhi ile ya Februari, kabla sijaanza kuomba msamaha, niliandika:

journalctl -k -b -1

Hii inakuonyesha yale kerneli iliyoandika kabla mashine haijazima mara ya mwisho. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa mstari mmoja unaorudiwa: Core temperature above threshold, cpu clock throttled. Yaani prosesa ilikuwa ikipunguza mwendo tena na tena. Halafu kimya. Hakukuwa na mstari wa kufunga mfumo. Ilikuwa imejikata yenyewe.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nikaibeba mjini kwa fundi.

Fundi wangu ana meza ndogo ndani ya duka la simu, ngazi ya pili, mahali ambapo unapita ukiwa umekunja mabega. Nilimwambia, "Boss, nadhani bodi imeungua." Hakunijibu. Aliiwasha, akaweka sikio. Akaweka kiganja pembeni.

"Feni haizunguki," akasema.

"Si ndio nimekuambia imekufa."

"Hujaniambia imekufa feni, umeniambia imeungua bodi. Subiri."

Alichomeka flashi yake yenye Linux, akaiwasha mashine kupitia hiyo. Ndani ya dakika mbili nikaisikia, ile sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Vuuuu. Hewa ya moto ikatoka pembeni na vumbi juu yake.

Fundi akanitazama. "Kijana, hii feni ni nzima. Kuna mtu kwenye mfumo wako anaiambia inyamaze."

Nilijua ni nani. Tumbo lilinicheza.

Wiki tatu nyuma, binamu yangu alikuwa amenilalamikia. Tunaishi wawili kwenye chumba kimoja. Yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, mimi hufanya kazi usiku. "Hiyo ndege yako itapaa lini tulale?" aliniuliza. Nikatafuta kwenye mtandao, nikapata jinsi ya kuinyamazisha ThinkPad. Nikaweka, feni ikanyamaza, chumba kikawa kama kaburi. Nikafurahi hadi nikaiingiza kwenye crontab ya mkubwa wa mfumo, root, iwe inajiweka kila ninapowasha mashine. Halafu nikaisahau. Kwa wiki tatu nilikuwa nachapa maandishi tu, kazi nyepesi, na joto likavumilika. Nilihisi kibodi ina moto, nikasema ni Februari. Siku ya kwanza ya kazi nzito ya video ndiyo siku iliyozima.

Sasa sikiza jinsi feni inavyoendeshwa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunateleza. Kwa kawaida si Linux inayoiendesha. Kwenye bodi kuna kompyuta ndogo nyingine, watu wa ufundi huiita EC, yenye programu yake, inayoangalia chaji, vitufe, na joto. Hiyo ndiyo inayoamua feni izunguke kasi gani. Inafanya hivyo hata mfumo wako ukiganda, hata ukiwa bado hujaweka mfumo wowote. Ukiiacha kwenye hali ya auto, inaweza kuisimamisha feni kabisa mashine ikiwa baridi. Kwa hivyo "fan1: 0 RPM" kwenye sensors si kosa peke yake. Isome pamoja na joto. Sifuri na nyuzi 45 ni amani. Sifuri na nyuzi 90 ni dharura, funga kila kitu.

Kwenye ThinkPad kuna dereva wa kerneli anayeitwa thinkpad_acpi, na faili moja, /proc/acpi/ibm/fan. Ukiisoma, inakuambia hali ya feni. Kuiandikia hairuhusiwi, hadi uweke wewe mwenyewe mstari huu ndani ya faili katika /etc/modprobe.d:

options thinkpad_acpi fan_control=1

Waliifunga makusudi. Ukishafungua, unaweza kuiambia level 0 hadi level 7, au auto, au disengaged ambayo inaiachia feni izunguke kwa nguvu yake yote. Ukisema level 0, imesimama, na itabaki imesimama. EC haikuulizi tena. Waraka wa kerneli unapofika sehemu hiyo unaandika neno la onyo mara tatu mfululizo kwa herufi kubwa, kwamba usiiache feni imezimwa kama huangalii vihisi vyote na hauko tayari kuiwasha. Mimi nilinakili amri kutoka mahali ambapo hilo onyo halikuwepo. Au lilikuwepo na sikulisoma. Siku hizi najaribu kuwa mkweli.

Kitu ambacho ningetaka mtu aniambie wakati ule ni kwamba faili hiyo hiyo ina mlinzi. Ukiandika:

echo watchdog 120 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan

basi zikipita sekunde 120 bila amri mpya ya feni, dereva anairudishia feni uhai wake. Yaani skripti yako ikifa, au wewe ukisinzia, mashine haikufi mikononi. Ningeweka mstari huo mmoja, ningelala binamu akiwa na furaha na mteja akiwa na video.

Fundi aliifungua pia, kwa sababu nilikuwa nishafika. Kati ya feni na mapezi kulikuwa na blanketi la vumbi, halisi, unaweza kulivua kwa vidole likatoka zima. Akalitoa, akaishikilia feni kwa kijiti ili isizunguke ovyo akipuliza, akafuta ile dawa ya kijivu iliyokauka kati ya prosesa na shaba na kupaka mpya. Sh800. Nilirudi nyumbani, nikafuta mstari kwenye crontab, nikaweka level auto. Kabla ya yote haya, bila kufanya kitu, nilikuwa nasoma nyuzi 62. Sasa ikawa 46. Nikaitesa kwa stress-ng dakika tano, ikapanda hadi 79 ikatulia hapo. Nilikaa naitazama ile 79 kama mtu anayetazama salio baada ya mshahara.

Kelele bado zilikuwepo lakini. Na hapa nilijifunza kwamba njia nzuri ya kutuliza feni ni kupunguza joto, si kuishika feni. Prosesa za Intel zina ile tabia ya kuruka juu ya kasi yake ya kawaida kazi ikija. Yangu ni 2.3 GHz, inaruka hadi 2.9. Ule mruko ndio unaokula umeme zaidi. Usiku naizima hivi:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Video inachukua muda mrefu kidogo, joto linashuka karibu nyuzi 10 kwangu, na feni inaongea kwa sauti ya chini. Kwenye lapi za karibuni, hata huhitaji terminali. Bonyeza alama ya betri uchague hali ya kuokoa nguvu. Mara nyingi inaiambia bodi yenyewe itulie.

Ukitaka kweli kuiendesha feni mwenyewe na uko kwenye ThinkPad, tumia thinkfan, siyo mstari mmoja wa crontab kama mimi. Inasoma vihisi wakati wote na ikizimwa inairudisha feni ilikoitoa. Ndani yake unaandika ngazi, kila moja na nyuzi mbili: ya kushukia na ya kupandia. Kwa mfano ngazi ya 2 yangu inaanza joto likifika 55, lakini hairudi chini hadi lishuke 50. Hizo nyuzi tano za katikati ni muhimu. Bila hizo feni inawaka na kuzima kila sekunde chache, na hiyo kelele ya kusitasita inakera kuliko feni inayozunguka moja kwa moja. Ngazi ya mwisho nimeiacha "level auto", ikifika 80 bodi ichukue usukani.

Kama huna ThinkPad, subira. Dell nyingi za kazini zina dereva wa dell-smm-hwmon, na unaweza kuona RPM vizuri, ila bodi ya Dell mara nyingi hukunyang'anya usukani sekunde chache baada ya kuushika. HP ndizo zinazonichanganya. Unaweza kuandika sensors ukaona joto lote na usione feni hata moja. Haimaanishi feni haipo, inamaanisha EC haijaiambia Linux. MacBook za zamani za Intel zina applesmc, na programu ndogo ya mbpfan inafanya kazi safi.

Kuna pia nbfc-linux, ambayo watu wa HP na Acer hupenda. Ina faili za mipangilio za aina nyingi za lapi na inaandika moja kwa moja ndani ya EC. Ikiwa aina yako kamili iko kwenye orodha, jaribu ukiwa umefungua watch pembeni. Ikiwa haipo, tafadhali usichague "inayofanana". Ile EC ndiyo inayoangalia pia chaji ya betri yako. Hapo mimi hupita mbali, na nimekuambia tayari mimi ni mtu wa aina gani.

Nina rafiki wa kozi yangu ya zamani, kabla karo haijanitoa chuoni mwaka wa pili, ambaye alinitumia picha ya skrini juzi. Lapi yake inazima kila akifungua simu ya video ya mahojiano ya kazi. Nilimwuliza coretemp inasema nini. Akatuma: 98, feni RPM 4,300. Angalia hiyo vizuri. Feni inazunguka kwa nguvu, lakini joto haliondoki. Hiyo si ya programu, hiyo ni vumbi au dawa iliyokauka, au anaifanyia kitandani. Ingekuwa 98 na sifuri, ningemwuliza kwanza alinakili amri gani na kutoka wapi. Alikuwa anaifanyia kitandani. Tumeiweka mezani juu ya vitabu viwili vya KCSE vilivyolazwa pembeni ili hewa ipite chini, ikashuka hadi 84. Mahojiano ni Alhamisi. Jumatano anaipeleka kwa fundi wangu.

Binamu bado analalamika, ingawa si kama zamani. Kazi nzito za video nazianza saa kumi na nusu, akishafunga mlango. Usiku nachapa, turbo imezimwa, na watch iko kwenye kona ya skrini. Jana alirudi mapema, akavua viatu, akasimama nyuma yangu akiangalia zile namba zinazobadilika.

"Sasa hii 51 ni mbaya ama ni nzuri?"

"Nzuri."

"Na ile feni, mbona inasema sifuri?"

Nikamsogezea kiti.